Mwambie Marehemu Avue Viatu

"Lloyd! Mwambie marehemu wako akirusha tena theluji kwenye njia yangu, nitamzika nayo!"

"Jirani, si unamwona amesimama hapa? Mwambie mwenyewe."

"Mimi sizungumzi na wafu."

Mama alikuwa barazani, aproni imevaliwa juu ya koti, ufagio mkononi kama mkuki. Ng'ambo ya uzio alisimama Lloyd Abernethy, jirani yetu, mgane wa Kiskoti mwenye pua nyekundu kama nyanya. Na nyuma ya Lloyd, ameshika mashine ya kurusha theluji, alisimama marehemu mwenyewe, mzima wa afya, mvuke unamtoka puani.

"Lloyd," akasema marehemu, "mwambie Yevka ni upepo umegeuka. Mimi nilielekeza barabarani."

"Anasema upepo..."

"Nimesikia! Mwambie upepo haujawahi kuwa na kichwa kigumu namna hiyo."

"Anasema kichwa..."

"Nimesikia," akasema marehemu. "Mwambie ugumu wa kichwa changu aliujua siku tuliyovalishwa mataji ya ndoa kanisani. Mbona taji lake hakulirudisha?"

Lloyd akavua kofia, akajikuna upara kwenye baridi ile ya kugandisha kope.

"Sikilizeni," akasema. "Kwetu sisi Waskoti, watu wakigombana hawasemezani mpaka kaburini, na jirani anapata usingizi wake. Ninyi mnagombana hamsemezani, halafu mimi ndiye nakaukwa na koo!"

Mama akaingia ndani, akabamiza mlango. Barafu iliyoning'inia kwenye paa ikakatika, ikanitua begani. Hivyo ndivyo siku yangu ilivyoanza, na hapo hata kahawa sijanywa.

Kwa uliyechelewa kuingia ukumbini, sogea ukae, nakupa kwa kifupi maana chungu kiko jikoni. Mimi ndiye Slavka, yule ambaye mume wake Gordie aliondoka na mwalimu wa kuteleza kwenye barafu, na saluni yake ikafa mabomba yalipoganda yakapasuka. Nimerudi kwa Mama katika mji wetu mdogo wa Zoria, mkoani Manitoba, nalala kwenye kitanda changu cha utotoni, miguu inaning'inia nje.

Marehemu ni Tato. Ndivyo Waukraine tunavyomwita baba: baba yangu mzazi, Panko Prokopchuk. Hajafa. Amehamia kwa jirani.

Ugomvi wao, mwaka wa pili sasa, ni wa kalenda. Sisi Waukraine wa Zoria tumesherehekea Krismasi mwezi wa Januari tangu babu zetu washuke melini. Paroko aliposimama akatangaza kwamba sasa tunahamia Desemba kama wenzetu wengine, Mama alisema sawa. Tato akasema hata kwa mtutu wa bunduki. Kanisa likagawanyika, bendi ya harusi ikagawanyika, hata mapacha wa mzee Hrytsak, waliozaliwa dakika moja, sasa wanasherehekea mbalimbali. Tato akabeba godoro na kodiani yake, akahamia chumba cha chini ya nyumba ya Lloyd. Ndio umbali wote aliomkimbia mkewe: uzio mmoja.

Sasa, mkesha wa Krismasi kwetu huwekwa sahani tupu mezani kwa ajili ya marehemu wa familia, aje ale na walio hai. Mwezi uliopita, tarehe ishirini na nne, Mama aliiweka, akawasha mshumaa dirishani, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Hii ni ya marehemu Panko!" Naye Panko yuko dirishani kwa Lloyd, anatuona, anakula supu ya kopo.

Ungedhani nyumba ile haina marehemu wa kweli. Inaye. Kaka yangu Yurko, barafu ya ziwa ilimpasukia mwaka mmoja kabla ya mambo ya kalenda. Tangu tumzike, jina lake halitajwi. Ukilitaja, Mama huinuka akaenda kuosha vyombo visafi.

Mlangoni kwa Lloyd nilitoa macho nilipoona masanduku mawili yamefungwa kamba. Ni ya Tato. Alhamisi hii mdogo wake anakuja kumchukua akaishi naye Vancouver, huko ambako Krismasi inanyesha mvua kama adhabu.

"Utarudi lini, Tato?" nilimuuliza.

"Umewahi kuona marehemu anarudi?"

Na leo ni Jumanne, Januari sita, mkesha wa Krismasi ya zamani. Nikajiapiza: leo Tato atakula mezani kwa Mama. Asipokula leo, keshokutwa ninampoteza baba aliye hai, na nyumba yetu haina nafasi ya kupoteza mwingine.

Njia niliiona moja tu. Uongo. Tena wa pande mbili, kama chapati.

Nikaanza na Tato. Chini kwa Lloyd kulinuka sufuria iliyoungua. Desturi inataka vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na Tato, ambaye maisha yake yote alipikiwa, alikuwa amepanga makopo mbele ya jiko dogo la umeme, anahesabu kwa kijiko.

"Sita, dagaa. Saba, matango ya siki. Nane, njegere. Tisa, maji ya njegere."

"Maji ya njegere si chakula, Tato."

"Ukiyatia chumvi ni supu. Kumi..."

"Tato, achana na makopo. Mama anakualika."

Kijiko kikasimama hewani.

"Nani?"

"Mama. Nyota ya kwanza ikitoka, uje ule."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Kasema aje marehemu? Au kanitaja jina?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nilishaachwa na Gordie na akili yote akaondoka nayo.

"Kasema Panko," nikajibu.

Tato akanigeuzia mgongo. Akakoroga njegere ambazo hazikuhitaji kukorogwa. Akakoroga weee, mpaka zikawa uji. Halafu akapaza sauti kuelekea juu.

"Lloyd! Humu ndani kuna pasi?"

Nilipanda ngazi zile moyo umenijaa mawe. Mzee alikuwa anatafuta shati lake la kudariziwa, lile la arusi.

Nyumbani, jikoni palikuwa na mvuke kama bafuni. Vareniki, yale maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, zimepangwa kwenye kila kitu kilicho bapa, hadi juu ya mashine ya kufulia. Supu ya bitiruti inatokota. Kabichi zimeviringishwa wali na uyoga. Samaki ndani ya jeli anatuangalia.

"Mama, yote haya ya nini?"

"Nasafisha friza."

"Na huyu samaki naye alikuwa kwenye friza?"

"Slavka, wewe ni mwanangu au ni polisi?"

Nikasogea kuelekea chumba cha kulia. Akanizibia kwa ufagio.

"Usiingie humo, nimepiga deki."

"Tangu asubuhi?"

"Wakati wa baridi sakafu inakauka polepole. Una lingine?"

Ninalo, nikasema moyoni, kisha kwa sauti: "Lloyd nimemkaribisha chakula cha jioni. Yuko peke yake, maskini."

"Ana mpangaji."

"Si unasema ni marehemu?"

Alinitazama kwa muda. Mama akikutazama hivyo unaanza kukiri hata dhambi za jirani. Lakini akainama tu, akaendelea kubana kingo za vareniki.

"Lloyd aje. Lakini mwambie avae soksi nzima. Mara ya mwisho alipovua viatu, kidole chake gumba kilinisalimia kabla yake."

Nikapumua. Mpango umekaa sawa, nikasema. Nyota itatoka, Lloyd atabisha, Tato atakuwa nyuma yake, Mama hatamfukuza mtu mbele ya mgeni. Nani kama mimi!

Mtu asijisifu kabla ya jioni. Ilipofika saa ya nyota, mbingu ilikuwa imefunikwa na wingu zito kama blanketi la jeshi.

Tato alikuwa uani kwa Lloyd, shati la arusi ndani ya koti, ndevu zimenyolewa, shingo ameinyoosha juu. Lloyd pembeni yake anatetemeka.

"Panko, twende. Njaa inaniua. Nanusa kabichi kutoka hapa."

"Bila nyota hakuna kula."

"Ile pale."

"Ile taa ya ghala la ngano."

"Basi ile."

"Lloyd, hiyo nyota yako ina mlio. Hiyo ni ndege, inatua Winnipeg."

"Kwa hiyo?"

"Inatembea! Nyota gani inatembea?"

Lloyd akasimama wima, mtu mzima aliyechoshwa. "Na ile ya Bethlehemu je? Haikutembea?"

Tato akaifuata ile taa kwa macho. Miaka yote ya kanisa ikapita usoni mwake ikitafuta jibu.

"Mskoti wewe," akasema, "ungefaa kuwa paroko." Akatangulia kwenye geti.

Nilikimbia kupitia mlango wa nyuma ili nijifanye nilikuwa ndani muda wote. Nikafika, pumzi juu juu, na mlango wa mbele ukabishwa.

Mama akafungua. Alimwona Lloyd kwanza, na soksi mpya kazishika mkononi kama ushahidi. Kisha akaona nani yuko nyuma yake.

Tato alivua kofia. Nywele alizilaza kwa maji, na baridi ilikuwa imezigandisha zikasimama kama miiba ya nungunungu.

"Kristo amezaliwa," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya Krismasi, na jibu lake ni "Mtukuzeni". Hata adui yako akikusalimu hivyo, unajibu.

"Habari hizo zilinifikia tangu Desemba," akajibu Mama.

Nikajua tumekwisha.

"Lloyd," Mama akaendelea, "mwambie marehemu, nani kamwalika hapa?"

"Anauliza nani..."

"Mwambie ni yeye!" Tato akasema, na bado alikuwa anatabasamu, akidhani ni mchezo. "Kwa mdomo wake. Kwa jina langu."

"Mimi? Mwambie jina lake mimi nimelisahau hata herufi ya kwanza!"

Taratibu, vichwa vitatu vikanigeukia.

"Slavka," akasema Mama.

"Supu inafurika, naona..."

"Slavka!"

"Nilidanganya," nikasema. "Nimemdanganya Tato, nimekudanganya wewe, na Lloyd nimemtumia kama gari la mizigo. Nipigeni. Lakini nipigeni wote wawili, tena mkiwa chumba kimoja!"

Sikuwa nawaangalia wengine. Nilikuwa namwangalia Tato. Lile tabasamu lilikuwa linashuka usoni mwake kidogo kidogo, na alikuwa anafunga kifungo cha juu cha koti ili shati la arusi lisionekane. Ndugu zangu, Gordie alipoondoka sikuumia hivyo.

"Twende, Lloyd," akasema.

"Bado sijala," akanung'unika Lloyd.

Tato alishashuka ngazi moja. Akasimama. Hakugeuka.

"Lloyd, mwambie sikuja kwa ajili ya kabichi zake. Mwambie sina ugomvi na paroko, wala Desemba haijanikosea." Sauti ikawa ndogo. "Ila mwanangu aliondoka akijua Krismasi ni leo. Hakuna mtu aliyemtangazia kwamba imehamishwa. Akija usiku huu akakuta nyumba ina giza, atadhani tumehama."

Lloyd akamgeukia Mama ili apeleke ujumbe. Badala yake akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, mjumbe alishindwa.

Nilisubiri Mama aende kuosha vyombo.

Hakwenda. Alibaki ameshika kitasa, mlango wazi, na upepo wa Manitoba, ambao haujui adabu, ukaingia ndani bila kubisha. Ukapita jikoni, ukausukuma mlango wa chumba cha kulia. Ule uliofungwa tangu asubuhi kwa sababu ya deki.

Mlango ukafunguka wote.

Mshumaa ulikuwa unawaka dirishani. Mkate wa mviringo katikati ya meza. Kitambaa kile cheupe cha bibi, cha sikukuu, kimetandikwa. Hapakuwa na dalili ya deki wala tone la maji.

Lloyd alikuwa wa kwanza kusema, maana njaa humfanya mtu aone mbali.

"Jirani," akasema, "kitambaa chako kimeota ndevu."

Kweli, majani makavu yalichungulia kila pembe. Usiku wa mkesha, na usiku huo tu, tunatandika majani makavu chini ya kitambaa cha meza, kwa kumbukumbu ya hori la ng'ombe.

"Nilisahau kuyatoa tangu Desemba," akasema Mama haraka.

Huo ulikuwa uongo, na kwa siku ile nilikuwa mtaalamu. Majani ya Desemba niliyatoa mimi mwenyewe kwa mashine ya kufyonza vumbi. Yakaikwama kooni, ikakohoa, ikafa. Haya yalikuwa mapya.

Tato alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama juu ya bega la Mama, anahesabu kwa midomo.

"Sahani tano," Lloyd akamhesabia. "Yevka, Slavka, mimi. Hizo tatu. Ya nne?"

"Ya Yurko," akasema Mama.

Akalisema hivyo hivyo, wazi, jina zima. Hakuna sahani iliyooshwa.

"Mwambieni huyo mtu," akaendelea, anamwangalia Lloyd ingawa macho yamejaa, "kwamba hayuko peke yake mwenye mtoto asiyejua kalenda. Desemba namwekea mtu mwingine kwa sababu najua Yurko hatakuja. Leo ndiyo siku anakuja. Mwambieni mwaka jana siku kama ya leo nilikaa hapa peke yangu, mapazia nimeyafunga, ili watu wa upande wa pili wa uzio wasinione wakacheka."

"Nani angecheka?" akasema Tato. Moja kwa moja. Si kwa Lloyd.

Mama akainyoosha aproni.

"Na ya tano?" akauliza Lloyd kwa upole. "Sahani ya tano, jirani?"

"Ya tano," akasema Mama, akajipangusa pua kwa aproni, "ni ya mpumbavu mmoja anayerusha theluji dhidi ya upepo."

Baridi inaingia, joto linatoka, na Mama ambaye hukuzabua ukiacha mlango wazi kidogo tu alikuwa ameuacha wazi wote.

"Lloyd," akasema hatimaye, "mwambie marehemu avue viatu. Chakula kinapoa."

Lloyd akageuka kwa furaha ya mtu mwenye ujumbe mwema. Tato akamwinulia mkono.

"Mwambie kwamba marehemu hawavui viatu. Anayevua viatu ana jina."

Ee Mungu wangu, nikasema, huyu mzee mbona hajui kushiba!

Mama akapangusa mikono kwenye aproni. Ilikuwa mikavu. Akaipangusa tena. Supu ikafurika kweli jikoni, tukaisikia inachoma jiko, na hakuna aliyekwenda kuiokoa.

"Panko," akasema. "Ingia ule."

Tato akapanda ngazi. Akaingia. Akainama, akafungua kamba za buti la kushoto, akalivua, akaliweka kwenye mkeka pembeni ya viatu vyetu, pale pale lilipokuwa likikaa zamani. Katika pengo hilo hakuna mtu aliyewahi kuweka kiatu chake. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi. Nilimshika Lloyd mkono, naye analia, anajifuta kwa soksi zake mpya.

Kisha Tato akanyooka. Mguu mmoja soksi ya sufu, mguu mwingine buti linalochuruzika theluji. Uso wake nikautambua. Ndio ule ule aliokuwa nao siku paroko anatangaza.

"Sawa, Yevka," akasema. "Nimeingia. Ila kabla sijavua la pili, niambie kitu kimoja tu. Hii ninayokuja kula ni Krismasi yako au yangu?"

Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, Mama alikuwa anatazama lile buti. Akatazama dimbwi linalokua chini yake, juu ya sakafu yake safi. Akatazama mezani, zile sahani tano. Akavuta pumzi ndefu, akamgeukia jirani yetu.

"Lloyd," akasema, "wewe ingia ule."